Kinu Kimoja, Michi Miwili

Kakangu aliweka kidole juu ya neno, akakiacha pale pale. Kidole kilikuwa bado kina pilipili na ndimu ya muhogo tuliokuwa tukila, na karatasi ikaanza kulowa kuzunguka ukucha.

"Nani alolikata hili?"

Ilikuwa Jumapili jioni hapa Mombasa, kwenye bustani ya Mama Ngina, tumekaa juu ya ukuta unaotazama bahari. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini polepole, taa zimewashwa mapema. Kaka hana desturi ya kuiacha meli ipite bila kuitazama, kwa kuwa bandarini ndiko anakokula, lakini ile hakuiinulia macho.

Neno lenyewe lilikuwa *mtanga*. Limepigwa mstari mwekundu, na pembeni mhariri ameandika kwa mwandiko mzuri: *mchanga*.

"Mhariri," nikamjibu.

"Na yeye yuwajua, au hajui? Yuwajua huu mtanga ni n'ni katika kitabu hiki?"

Sikuwa na la kusema. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshamwandikia mhariri kwamba masahihisho yote tumeyakubali. Nilisema *tumeyakubali*.

Kaka nilikuwa sijamwambia.

## Mtanga wa moto

Wanaonifuata hapa wanajua kwamba sisi wawili tumekuwa na riwaya moja mikononi kwa miaka minne. Wageni nawapa kisa kwa ufupi. Kontena lisilo kwenye manifesti ya meli yoyote linashushwa Kilindini, linakaa siku tatu, kisha halipo. Hakuna aliyelipakia, hakuna lori lililolibeba. Baada ya hapo mchanga wa ufuoni, kuanzia Mbaraki hadi ng'ambo ya Likoni, unaacha kupoa usiku. Juu ni vuguvugu tu, lakini ukichimba kiasi cha mkono, sufuria ya wali inaiva humo. Ukiuchota ukautia ndooni ukaupeleka Majengo, moto wake haupungui. Makaa yanashuka bei. Kina mama wanafurahi. Halafu watu wanaanza kuuchota usiku wa manane, halafu kuuuza, halafu kuuana kwa ajili yake.

Ndani ya riwaya mna ripoti za wakubwa, na katika ripoti hizo kitu hiki kinaitwa mchanga. Wanaokichota kwa mikono yao wanakiita mtanga, kama anavyokiita bibi yeyote wa Mji wa Kale kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Kaka ndiye aliyeliona hilo kwanza, kwamba wakubwa wanaandika juu ya kitu kimoja na watu wanakishika kingine. Tukaufuata uzi huo kurasa 212.

Mhariri aliyafanya yote mawili kuwa mchanga.

Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Alinipigia simu mwenyewe, akanieleza kwa upole kwamba riwaya ya Kiswahili hapa kwetu inauzika ikiingia shuleni, na haiwezi kuingia shuleni ikiwa na *mato* na *kitwa* na *ndia* badala ya macho na kichwa na njia. Alikuwa amekata maneno 118. Nilimwelewa kabisa, na hapo ndipo penye matatizo yangu.

## Ndugu wengine wawili

Kaka alikuwa na kitabu kingine mfukoni jioni ile, cha mitumba, jalada limekunjika. Alikiokota kwa muuza vitabu wa kando ya njia, akanambia, "Hawa nao ni ndugu, na wao pia wameandika pamoja. Soma nyuma kwanza."

Ni *Roadside Picnic* ya Arkady na Boris Strugatsky, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2012. Nyuma mna maelezo marefu ya Boris kuhusu jinsi kitabu kilivyoandikwa na kilivyozuiwa. Nilianza nyuma kama alivyoniagiza, nikasoma hadi saa nane usiku, nikarudi mbele, na tangu hapo hakijatoka kichwani.

Kisa chake kwanza kilinitia hofu. Viumbe kutoka kwingine wamepita duniani, wameacha maeneo ambamo sheria za maumbile zimevurugika na vitu visivyoeleweka vimetapakaa. Watu wa mji uitwao Harmont wanaingia humo kwa siri usiku, wanaviiba, wanauza. Nikasema basi, wenzetu wameshatutangulia miaka hamsini, na sisi tumebaki na ndoo zetu za mchanga.

Lakini mna mazungumzo mle ndani ambamo mtaalamu mmoja, Daktari Pilman, anaeleza jina la kitabu. Labda, anasema, hawakuja kwa ajili yetu. Labda walisimama kando ya barabara tu, wakala, wakawasha moto, wakaimba, wakaondoka, na sisi ni wadudu na ndege wanaotoka vichakani asubuhi, wanazungukazunguka mabaki ya mafuta, betri na karatasi, wasijue ni nini.

Mwenye kukaa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Nenda ufuo wa Pirates asubuhi ya pili ya Idd, kabla wafagiaji hawajafika. Utakuta mifupa ya kuku, vifuu vya madafu, kiatu kimoja cha mtoto, chupa, utepe wa keki. Utawakuta kunguru. Utamkuta na kijana mwenye gunia, anatembea ameinama, anaokota chupa za plastiki moja moja na kuziminya ili gunia lichukue nyingi. Nimemwona kijana huyo maisha yangu yote. Nilimwona Kibarani pia, kabla jaa lile halijafungwa, wakiwa mamia, wanaingia moshini asubuhi na kutoka jioni. Wanajua kutofautisha shaba na takataka kwa mlio wake inapoanguka.

Hofu yangu ya kutanguliwa ikaniondoka. Hawakututangulia. Walikuwa wametazama kitu kile kile kutoka kwao, na wakakipa watu wake wa kukisema.

## Jinsi walivyotwanga

Arkady alikuwa mkubwa, wa mwaka 1925, mtafsiri wa Kijapani, akiishi Moscow. Boris alizaliwa 1933, akawa mtaalamu wa nyota katika kituo cha Pulkovo, akiishi Leningrad. Kati ya miji hiyo miwili ni usiku mzima wa treni. Kwa hivyo hawakugawana sura, wewe hii na mimi ile. Walikutana, wakajifungia mahali pamoja, mmoja mbele ya taipureta, na kila sentensi ikasemwa kwa sauti, ikabishaniwa, ndipo ikapigwa. Sentensi ambayo mmoja hakuiridhia haikuingia.

Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka kina bibi wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Ukisikiliza ukiwa chumbani husikii watu wawili, unasikia mdundo mmoja tu, na mmoja akichelewa kidogo unajua papo hapo kuwa kuna jambo.

Sisi pia ndivyo tulivyoandika, ingawa mahali petu palikuwa feri ya Likoni. Yeye anatoka zamu, mimi natoka shule, tunakutana upande wa kisiwani tunavuka pamoja. Dakika chache zile, tumesimama kati ya baiskeli, mikokoteni na watu wa magunia, ndimo zilimozaliwa sentensi zetu nyingi. Mimi nasema moja, yeye anaitikisia kichwa. Yeye anasema yake, mimi naipindua. Tukifika ng'ambo naiandika kwenye simu kabla hatujapanda ngazi. Mara nyingine tumevuka mara tatu bila kushuka, kwa sababu ya kitenzi kimoja.

## Miaka minane

Walianza kuiandika Januari 1971 huko Komarovo, kijiji cha mapumziko karibu na Leningrad, na Novemba mwaka huo huo ikawa imekwisha. Jarida la *Avrora* la Leningrad likaitoa kwa mfululizo mwaka 1972. Mpaka hapo hapakuwa na vita.

Kitabu ndicho kilichokwama. Wachapishaji wa Moscow, Molodaya Gvardiya, walikikalia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1977 Wamarekani wakawa nacho kwa Kiingereza, kimechapwa New York. Mwaka 1979 Andrei Tarkovsky akatoa filamu yake, *Stalker*, ambayo ndugu hao hao waliiandikia hadithi ya skrini upya mara nyingi. Warusi waliweza kuingia sinemani kutazama filamu iliyotokana na kitabu ambacho kwa lugha yao wenyewe hakijapata jalada.

Kilitoka 1980.

Sasa, ungedhani walizuiwa kwa siasa, na mimi pia nilidhani. Boris anaeleza kwamba sivyo. Kisa kimewekwa katika nchi ya kibepari, kinaonyesha jinsi tamaa ya pesa inavyowaoza watu, na hakuna mkubwa wa Kisovieti ambaye angekereka na hilo. Walichoandikiwa na wahariri ni orodha. Orodha ya matendo maovu ya wahusika, orodha ya ugomvi na damu, na orodha ndefu kuliko zote, ya maneno machafu na maneno ya mtaani. Hiyo ya maneno peke yake ilipita alama 200.

Redrick Schuhart, mhusika wao, ni mwizi aliyefungwa jela, mlevi, mwenye mtoto mgonjwa anayempenda kupita kiasi. Walitakiwa azungumze kama mwalimu wa lugha.

Neno *stalker* lenyewe, la kuwaita hao wanaoingia usiku, walilipata kwenye kitabu cha Rudyard Kipling walichokisoma zamani, na wakalitamka visivyo, kwa kuwa walilisoma tu, hawakulisikia. Likaingia katika Kirusi na matamshi hayo hayo yasiyo ya Kiingereza, na leo ni neno la kawaida la Warusi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatembea chumbani. Kitu kipya kilihitaji neno, na waliomwita mtu huyo kwa jina walikuwa watu wenyewe, si kamusi.

Halafu nikafika mahali nilipokuwa nikipatafuta, nakiri. Mwisho wa miaka minane walikubali. Kitabu cha 1980 kilitoka kimekatwakatwa, na matini yao kamili yakaja kurejeshwa baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Nikajiambia, basi, hata hao wakubwa walitia saini. Mimi ni nani?

Nililala nikiwa nimejipa ruhusa.

## Kalamu nyekundu

Asubuhi yake nilikuwa na madaftari ya insha ya Kidato cha Pili, 47, juu ya meza ya chumba cha walimu. Mada ilikuwa siku ya sherehe. Msichana mmoja wa Mji wa Kale alikuwa ameandika juu ya harusi ya shangazi yake, vizuri mno, na katikati akaandika kwamba watoto walikuwa wakimwagiana *mtanga* uwanjani hadi usiku.

Kalamu yangu ilikuwa imeshapita. Mstari mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko mzuri, *mchanga*.

Nilikaa nikautazama mwandiko wangu.

Miaka kumi na moja nafundisha Kiswahili. Nimeyakata maneno hayo mara ngapi, sina hesabu. Na sikukosea, maana mtihani wa kitaifa una lugha yake na mtoto asiyeijua atapoteza alama zake, nami sitakuwepo pale kumtetea. Ninafundisha pia kwamba mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na kwamba Kimvita kilikuwa kimetazamiwa na wengi. Nalisema darasani kama jambo la historia, wanafunzi wananakili, tunaendelea.

Lakini nyumbani mama akiniita hasemi *njoo*. Anasema *ndoo*. Chakula kikichelewa tuna *ndaa*. Mambo yote niliyoyapenda kabla sijajua kusoma niliyapenda kwa lugha hiyo, na kazi yangu ya mchana ni kuipiga mstari.

Mhariri hakuwa mtu wa mbali aliyeingia kwenye kitabu chetu bila kutujua. Alikuwa amefanya nilichofundisha.

Kaka hana tatizo hili. Yeye aliacha shule mapema, akaingia bandarini kijana, na Kiswahili chake hakijawahi kusahihishwa na mtu anayemheshimu. Kwa miaka minne nimedhani kwamba mimi ndiye ninayeijua lugha na yeye ndiye anayejua visa. Sasa sijui tena nani alikuwa akimbeba mwenzake.

## Sentensi ya ukurasa wa tisa

Iko sentensi moja ukurasa wa tisa, mwanamke wa kwanza anapotia mkono mchangani usiku:

*Mtanga ulikuwa na vuguvugu la tandiko aliloondoka mtu sasa hivi.*

Naipenda kuliko zote. Wiki hizi nimejaribu kukumbuka ni nani kati yetu aliyeisema. Nakumbuka feri, nakumbuka mvua ya upande, na mzee mwenye mbuzi aliyekuwa akitusikiliza waziwazi. Nilikuwa na hakika *tandiko* ni langu. Nilipomuuliza kaka, akasema kwa hakika ile ile kuwa *tandiko* ni lake, na kwamba mimi nilisema *kitanda*, akakataa kwa sababu maskini wa kitabu chetu hana kitanda. Huenda ni kweli. *Vuguvugu* hatujui kabisa limetoka kwa nani.

Arkady alifariki Oktoba 1991. Boris aliishi hadi Novemba 2012, na katika miaka hiyo aliandika riwaya mbili peke yake. Hakuzitia jina la Strugatsky, ingawa ni jina alilozaliwa nalo na lingeziuza. Alizitia jina la kubuni, S. Vititsky.

Hilo lilinikata maini. Mtu ana haki ya jina lake la ukoo, mwenzake amekufa, na bado anaona kwamba jina lile juu ya jalada lina maana ya watu wawili, na mmoja hawezi kuliandika.

Na mimi niliandika *tumeyakubali*.

Wale ndugu walikubali baada ya miaka minane, wote wawili, wamechoka pamoja. Mimi nilikubali usiku mmoja, peke yangu, kwa simu, kaka yuko zamu ya usiku akipakua meli. Ruhusa niliyojipa kwa mfano wao haikuwa yangu kuichukua.

Nilimwambia siku ya tatu. Si kwenye feri, nilikwenda kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wifi alikuwa akikaanga samaki, akapunguza moto ili asikie. Kaka akanyamaza kitambo, halafu akaniuliza swali moja:

"Wewe wataka kitoke hivyo?"

Nikasema la.

"Basi mwandikie tena. Mwambie kaka hajasoma."

## Meza ya jikoni

Mhariri alipokea barua yangu ya pili kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. Akasema tupitie maneno yote 118, moja moja, tumpe sababu ya kila tutakalolirudisha. Hajaahidi kitu. Suala la shule liko palepale, na ikiwa kitabu hakitaingia shuleni, huenda wasikichape kabisa. Hilo tunalijua sote watatu.

Tumekuwa tukikaa kwenye meza ya jikoni kwake jioni tatu kwa wiki. Muswada katikati, kalamu mbili, chai. Nilikwenda nikiwa tayari kuyatetea maneno yetu kama mtu aliyetubu, na kaka akanivunja moyo kwa neno la kwanza kabisa. Akasema mhariri yuko sawa. La pili pia. Pale mwandishi anaposimulia kwa sauti yake mwenyewe, alisema, *kitwa* inajionyesha tu, inataka kusifiwa. Tulifika neno la kumi tukiwa tumerudisha manne.

*Mtanga* tuliurudisha kila mahali ulipokuwa, na sababu tuliyomwandikia mhariri ina kurasa mbili. Tuliisema kwa sauti, kila sentensi, hadi shemeji yangu mdogo akaomba tuhamie nje apate kulala.

Lile daftari la insha nilishalirudisha kabla sijajua la kufanya, na mstari wake mwekundu. Nimemwita yule msichana, nikamwomba aniazime tena. Chini ya *mchanga* nimeandika kwamba katika mtihani aandike hivi, na kwamba neno lake ni zuri, aliandike kwingine kote. Akasoma, akanitazama, akauliza kwingine ni wapi. Nikamwambia nitampa jibu, bado nalitafuta.

Tumebakiwa na maneno 31. Lililotushinda kwa wiki nzima ni *ndia*, ukurasa wa 41, pale mhandisi anaposhuka chini ya gati na kuona njia iliyochimbika yenyewe kwenye mwamba, inaelekea chini ya bahari. Mimi nililitaka *ndia* kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimeandaa hoja, nimesoma mashairi ya kale ya Mvita, nimejaza karatasi.

Jana usiku saa tano kaka amenitumia ujumbe kutoka zamuni.

"Soma tena 41. Huyu mhandisi tulisema ni mtu wa Unguja. Yeye angesema njia."

Nimeisoma mara mbili. Nimechukua kalamu, nimeurudisha mstari wa mhariri.